Mguu Pembeni ya Picha

9 Februari 1992

Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu. Huku tu wazima wote. Kama kuna mwenye kasoro ni mimi, na kasoro yenyewe utaisoma hapa chini. Wifi yako hajambo, ila amechoka kuniona nyumbani. Tangu nistaafu idara ya maji mwezi wa kumi na moja nimelipanga upya kabati la vyombo mara tatu, na mara ya tatu alinifukuza jikoni kwa mwiko. Binti yangu mkubwa amejifungua mtoto wa pili, wa kike, kwa hiyo jihesabu bibi tena. Shemeji mgongo unaendeleaje?

Kamera yako ya zamani imefika salama, umeifunga kwenye sweta kama mtoto mchanga. Karatasi yako ya maelekezo nimeisoma mara moja, ikatosha.

Dada, nitasema ukweli hata kama utaonekana ni majivuno. Nina kipaji. Miaka ishirini na saba nimeinama kwenye vishimo vya mita za maji, nikisoma tarakimu katikati ya buibui, kumbe jicho hili lilikuwa limewekewa kazi nyingine. Nimepiga tangi la maji kutoka pande nne. Nimempiga jirani yetu fundi cherehani, yule mwenye sauti kubwa, amevaa koti na tai, amekaa kama waziri anayesubiri maswali. Kila picha nimeiandika kwenye daftari: namba, saa, na hali ya mawingu.

Halafu sikia hili. Umesema filamu ni ya picha thelathini na sita. Nadhani kiwanda kilikosea kwa faida yangu, maana nimepiga sitini na mbili na bado ilikuwa inavutika laini kabisa. Niliacha kwa sababu kidole kilichoka. Hata kuirudisha kwenye kikopo chake kulikuwa rahisi ajabu: mizunguko miwili tu, imeisha.

Nakutumia uisafishe. Zile utakazozipenda una ruhusa yangu kuzibandika kwenye dirisha la studio.

Hiyo sentensi ya mwisho iruke. Nimeandika kwa wino, haifutiki.

Mdogo wako


2 Machi 1992

Kitinda wangu,

Barua na filamu vimefika. Sisi hatujambo. Shemeji yako anatembea kama mtu aliyebeba mlango mgongoni, lakini anatembea. Hongera kwa mjukuu. Mbusu paji la uso kwa niaba yangu. Studioni ni msimu wa picha za vitambulisho. Watu wanaingia wamenuna, wanapigwa wamenuna, wanatoka wanalalamika kwamba picha imenuna.

Sasa tafuta kiti ukae.

Filamu yako ni tupu. Haina hata alama, unaweza kuiweka dirishani ukaangalia barabara. Ule ulimi wa filamu haukunasa kwenye kijiti cha kuvutia, kwa hiyo ulipokuwa unavuta, ulikuwa unavuta hewa. Picha zako zote sitini na mbili zimeangukia kwenye kile kipande cha mwanzo, zimekuwa doa moja jeusi. Humo ndani yumo fundi cherehani na tangi la maji pande zake zote nne, sijui nani kamkalia nani.

Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa nampiga picha ya pasipoti akacheka na yeye, ikabidi nirudie.

Usife moyo. Fanya hivi. Ukishaingiza ulimi, vuta mara moja kabla hujafunga mgongo wa kamera, uone meno yamekamata. Ukishafunga, kila unapovuta tazama kile kirungu cha kushoto juu. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, unapiga porojo. Pete ni tatu: ya kasi, ya mwanga, na ya umbali. Jua kali, weka kasi mia na ishirini na tano na mwanga kumi na sita, uviache hapo. Umbali upime kwa jicho. Na kumbuka, kile kidirisha unachochungulia hakipiti kwenye lenzi. Unaweza kuona dunia nzima humo na kamera isione kitu.

Karatasi yangu isome tena. Mara moja haikutosha.

Nyumba imekaaje siku hizi? Kile chumba cha nyuma bado kinavuja?

Dada yako


20 Machi 1992

Dada,

Hatujambo sote. Mjukuu amebusiwa, akalia. Barua yako niliisoma nimesimama, kwa kiburi, halafu nikakitafuta kiti mwenyewe.

Siku mbili nilitembea nimejiinamia. Kibaya zaidi, fundi cherehani alikuwa ameshawatangazia wateja wake kwamba picha zake zinasafishwa mjini. Nilipomwambia zimeungua akanitazama, akatazama kamera, akasema, "Zimeungua au ziliunguzwa?" Nikamnunulia soda, yakaisha.

Filamu ya pili nimeiingiza kwa kufuata karatasi, neno kwa neno, wifi yako akinisomea kama mtihani wa imla. Kirungu kinazunguka. Nilikitazama kinavyozunguka mpaka nikasahau kutazama ninachopiga.

Lakini hapo kwenye kupima umbali kwa jicho, hapana. Mimi ni mtu wa vipimo. Nimeitoa ile futi yangu ya chuma inayojikunja, ya kazini. Namkabidhi mtu ncha aishike kwenye pua, narudi nyuma, nasoma mita, naweka pete, ndipo napiga. Tatizo ni kwamba mtaa mzima unaijua futi ile. Mama mmoja akatoka nje mbio kuniuliza kama tunakuja kukata maji. Mwingine, nilipomwambia ashike ncha kwenye pua, aliniuliza wifi yako ana habari.

Chumba cha nyuma hakivuji tena, nimeweka bati jipya. Mama, ambaye ndiye analala humo na hukumuuliza, halalamiki. Kutwa yuko barazani ananitazama ninavyohangaika. Nikigeuza kamera upande wake, anageuza kiti. Sababu unaijua, mimi sitaki kuiandika.

Filamu ndiyo hiyo. Ni thelathini na sita kamili, nimehesabu.

Mdogo wako


18 Aprili 1992

Kitinda,

Sisi wazima. Shemeji yako amepewa mazoezi ya mgongo, anayafanya akinung'unika kama anatozwa faini. Samahani kwa kuchelewa, mashine yangu ya kuchapia picha iliharibika taa.

Filamu ilitembea, hongera. Nimezichapa zote, hata zile ambazo mtu mwenye huruma angeziacha.

Nyingi zimetikisika. Wewe kitufe hukibonyezi, unakipiga ngumi. Bana viwiko kwenye mbavu, toa pumzi taratibu, na pumzi ikiisha ndipo ubonyeze, polepole, kama unagusa jicho la mtu aliyelala. Katika picha tisa kidole chako kipo, na nikwambie ukweli, kidole kimetoka vizuri kuliko watu wote. Jirani yako fundi umemweka mbele ya mlango, jua likiwa nyuma yake. Umepata kivuli kilichovaa tai. Mwonyeshe tu, atajijua kwa tai.

Namba kumi na moja umeandika daftarini "ndoo". Ndoo ni nzuri, imenyooka, mwanga umeupata. Pembeni, upande wa kushoto kabisa, kuna mguu.

Mguu wa nani?

Umekonda.

Namba kumi na moja nimeichapa kubwa, kwa ajili ya ndoo.

Dada yako


6 Juni 1992

Dada mpendwa,

Nimekaa kimya muda mrefu na najua umehesabu wiki. Sote tunaamka na tunakula. Mjukuu ameota jino. Wifi yako ameanza kuniazima kamera apige paka, na paka wake anaonekana paka, jambo ambalo sijalipokea vizuri.

Mguu ni wa Mama. Sikumkusudia. Nilikuwa napiga ndoo kweli.

Sasa sikia yaliyotokea Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilikuwa nimemrudisha fundi cherehani mlangoni kwake, na koti lake, ncha ya futi puani. Mara nasikia sauti kutoka barazani kwetu:

"We! Mtoe huyo mlangoni. Jua liko nyuma yake, atatoka mweusi kama sufuria."

Nikageuka. "Umejuaje, Mama?"

"Nimejua kwa sababu nilikuwa na binti. Kila Jumapili ananisimamisha uani. Kulia, Mama. Kushoto, Mama. Inua kidevu, Mama. Miaka miwili nachomwa na jua. Unadhani alijifunzia kwa nani?"

Fundi akauliza kwa sauti ndogo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kama aondoke. Nikamwambia abaki. Akaondoka.

Mama akageuza kiti chake, kama kawaida. Kesho yake asubuhi, nimekaa nasafisha lenzi kwa kitambaa, akaniita. "Leta hicho kidude chako."

Nikaleta.

"Moja tu," akasema. "Hakuna kucheka, hakuna kulia. Shali naivaa ninavyotaka mimi, usije kunirekebisha. Na ukimpelekea dada yako, asiibandike popote. Ile ya msiba wa baba yenu ilinitosha."

Dada, nimefanya kazi serikalini miaka ishirini na saba, nimekimbizwa na mbwa wa kila rangi, lakini futi ile sijawahi kuikunjua kwa uangalifu namna ile. Nilimkabidhi ncha ya futi. Akaishika kwenye paji la uso bila kuuliza, kama mtu aliyezoea. Mita mbili na nusu. Nikaweka pete. Nikabana viwiko kwenye mbavu. Nikatoa pumzi.

"Umelenga au umekufa?" akaniuliza.

Nikasubiri afunge mdomo, ikachukua muda, nikabonyeza.

Filamu ina picha hiyo moja. Niliitoa hapo hapo, na kirungu nilikuwa nakitazama, kilizunguka. Najua thelathini na tano nimezipoteza. Baada ya Mama nisingeweza kurudi kupiga ndoo.

Mdogo wako


21 Juni 1992

Kitinda,

Salamu kwa wote, na safari hii namaanisha wote.

Filamu yako ya picha moja nimekaa nayo chumba cha giza tangu asubuhi mpaka shemeji yako akaja kunigongea chakula cha mchana. Nianze na kazi. Macho yake ni makali, umepata umbali hasa, sitaicheka futi yako tena. Mwanga unatoka upande mmoja, unamshuka shavuni. Hakuna kidole. Hiyo sasa ni picha.

Ilipotokea kwenye dawa nilidhani nimeichapa kinyume. Hutokea, ukiuweka mkanda wa filamu upande usio wake, kulia kunakuwa kushoto. Nikautoa, nikaugeuza, nikasoma namba za pembeni. Zinasomeka sawa. Sikuichapa kinyume.

Mama ni shoto, Kitinda. Sijawahi kumwona ameshika kitu kwa mkono wa kulia, hata kijiko. Katika picha yako miwani ameishika kwa kulia. Wa kushoto ameufunika kwa shali mpaka ncha za vidole, na paji la uso lina jasho. Na mdomo, upande ule ule, umeshuka kidogo. Mtu mwingine asingeuona. Mimi uso ule nimejifunzia kazi.

Kuna nini? Na usiniandikie "tu wazima".

Nami nikuandikie ambalo sijawahi kuandika, ili usione aibu ni yako peke yako. Siku ya msiba wa baba nilishika kamera kwa sababu ningeiweka chini ningeanguka. Nikampiga Mama analia, mdomo wazi, kilemba kimemdondoka. Nikaichapa kubwa kama dirisha, nikaiweka dirishani kwangu, katikati ya maharusi. Miezi mitatu baadaye Mama akaja mjini kuchukua miwani, akavuka barabara akijipanga kunishtukiza, akajikuta amesimama mbele yake mwenyewe. Kuna mpita njia alisema, "Maskini, mama wa watu." Mimi nikatoka mbio, nimefurahi kumwona. Akanambia, "Itoe." Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ndiyo picha yangu bora kuliko zote na watu wanasimama kuitazama. Nikaiacha wiki mbili zaidi, kwa ubishi. Miaka tisa sasa hatujasemezana.

Nimekuwa nikiuliza habari za chumba kwa sababu kumuuliza mwenye chumba kulinishinda.

Nijibu kwa posta ya kwanza.

Dada yako


28 Juni 1992

Dada,

Ni kiharusi. Kilimpata mwezi wa kumi mwaka jana, asubuhi, anafunga kifungo cha gauni. Mkono wa kushoto haunyanyuki. Mguu unaburuta lakini kwa fimbo anafika barazani. Kuongea kumerudi kote, kama ulivyoona, na kwa kejeli zake zote.

Sikustaafu kwa umri. Niliomba kutoka mapema, ili awepo mtu wa kumnyanyua mchana wakati wifi yako yuko kazini. Kabati la vyombo nililipanga kweli, hilo sikutunga.

Mama aliniapisha nisikwambie. Alisema, "Akijua atakuja kwa sababu ya mkono. Sitaki aje kwa sababu ya mkono." Nikaapa. Halafu nikakaa nikafikiri, na unajua mimi nikifikiri inakuwaje. Nikaona barua ina maneno, kamera haina. Nikikuomba kamera, nikajifunza, nikampiga Mama, nikakutumia, nitakuwa sijakwambia kitu. Nilidhani ingechukua wiki mbili. Nani angejua kuna pete tatu?

Kwa hiyo kiapo sijakivunja mpaka barua hii. Sasa nimekivunja, na nipo tayari kwa fimbo, maana anayo.

Njoo. Ukiulizwa, umekuja kuniona mimi.

Mdogo wako


9 Agosti 1992

Kitinda wangu,

Nimefika salama. Safari ilikuwa ndefu na jirani yangu wa kiti alilala begani kwangu kama tumeoana. Shemeji yako anashukuru kwa dawa ya kuchua, amejipaka mpaka nyumba nzima inawasha macho. Mwambie wifi yangu sijawahi kulala kitanda kilichotandikwa vizuri namna ile, na mjukuu nimeshammisi.

Wiki mbili nilizokaa kwako uliona tukiongea habari za bei ya sabuni na jinsi fundi cherehani anavyoimba, na najua ilikutia uchungu, kwa sababu ulikuwa unatoka chumbani kwa kisingizio kila baada ya dakika tano. Siku ya mwisho ulipokwenda hospitali kuchukua dawa za Mama ndipo tulipoongea. Sikuweza kukwambia kituoni, watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa unalia ukisema ni vumbi.

Nilikuwa nimeibeba ile picha ya msiba. Nimeibeba safari nzima, imeviringishwa ndani ya gazeti, na mkanda wake kwenye bahasha. Nilikuwa na mpango mzuri sana, wa kuichoma mbele yake, na hotuba nimeandaa. Mama akaniona nahangaika na kiberiti, kijiti kimoja kinavunjika, cha pili kinazima. Akasema, "Kabla hujaichoma nyumba ya mdogo wako, nionyeshe unachochoma."

Nikaikunjua kitandani. Akavaa miwani kwa ule mkono wa kulia. Kumbe dirishani kwangu siku ile hakuitazama, Kitinda. Alijiona tu, akageuka. Safari hii aliitazama yote, kuanzia kilemba kilichodondoka mpaka mdomo.

Wewe na mimi tunajua yeye na baba walivyokuwa. Miaka arobaini ya kugombania redio na kununiana kwa zamu. Mama akaweka kidole juu ya uso wake mwenyewe, pale mdomoni, akauliza, kama ananiuliza mimi niliyekuwepo:

"Nilikuwa nampenda hivi?"

Nikamwambia ndiyo, Mama.

"Basi angejua, mjinga yule," akasema.

Halafu nikamwomba msamaha. Hotuba yote ilinitoka kichwani, likabaki neno lenyewe tu. Akaniambia nisiichome, niiweke kwenye sanduku lake chini ya nguo, na sanduku nilifunge. Nikafunga. Akaniambia nilete kiti nikae karibu, na nikakaa, akanieleza jinsi baba alivyomposa, kisa ambacho mimi na wewe tulidanganywa. Muulize. Mimi sisemi.

Uliporudi na dawa ulitukuta tunacheka, ukadhani tunakucheka wewe. Kwa kiasi fulani, ndiyo.

Sasa aibu yangu. Kabla hujarudi Mama alisema, "Nipige basi, na wewe. Si ndiyo kazi yako?" Akaitoa shali mwenyewe, akauweka ule mkono wa kushoto juu ya paja, wazi, vidole vimekunjamana. Akainua kidevu kabla sijamwambia. Miaka thelathini nimeshika kamera. Nimepiga maharusi wanaozimia na watoto wanaokojoa. Nikabana viwiko, nikatoa pumzi, pumzi ikakataa kutoka vizuri.

Nimeisafisha leo asubuhi. Imetikisika, Kitinda. Imetikisika yote, Mama ana pua mbili. Nimeichapa mara tatu kama kwamba karatasi ndiyo yenye kosa.

Nakutumia filamu mpya ndani ya kifurushi hiki. Mpige wewe, na mkono wake. Mpime kwa futi, mchukulie muda, umsubiri afunge mdomo. Usitoe filamu baada ya picha moja. Piga zote thelathini na sita.

Mimi nitakuja mwezi wa kumi na mbili, nizichukue mwenyewe.

Dada yako